Boga Lililopokelewa kwa Shukrani

Mama yake Gleb alilipokea lile boga kwa mikono miwili, akalibusu.

"Jamani, uzuri ulioje!" alisema, akiligeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. "Gleb, hebu ona. Huku hata maboga yamenona. Nitalipikia uji wa maziwa, niwaite majirani wote."

Hakuna aliyecheka. Uliana alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono yake bado imekunjwa kana kwamba imebeba kitu, na uso unamwaka. Kijijini Hrushivka, na katika vijiji vyote vya kando ya mto Vorskla, hata mtoto mdogo anajua maana ya boga siku ya posa. Binti akiwafunga wageni vitambaa vya kutarizi, amekubali. Akiwapa boga, amekataa, na mposaji hutokea uani kimyakimya ili majirani wasione alichobeba. Gleb yeye alilichukua boga kutoka kwa mama yake, akalikumbatia kifuani, akatoka nalo kwa mlango wa mbele, meno yote nje kwa furaha. Asiyejua maana haambiwi maana.

Mambo yalikuwa yamekwenda vizuri mpaka chai ilipoletwa. Gleb hakuwa mtu wa kutiliwa shaka nyumba ile. Alikuwa Mrusi wa Belgorod, upande wa juu wa mto, na kwa misimu miwili alikuja kujifunza kwa Mzee Panas, baba yake Uliana, namna ya kulea malkia wa nyuki. Miaka ile treni bado zilikuwa zikivuka mpaka, watu wakivuka nazo na vikapu vyao bila moyo kwenda mbio. Alilala kwenye kibanda cha mizinga, akaumwa na nyuki mpaka uso ukaumuka kama mkate, asilalamike. Mzee Panas alimsemesha kwa Kiukraini, Gleb akajibu kwa Kirusi, na kazi ikaenda. Ama Uliana, huyo alimpenda kwa namna nyingine kabisa, na mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Kwa hiyo sikukuu ya Pokrova ya mwezi wa Oktoba ilipopita na msimu wa kuposana ukafunguliwa, Gleb alikuja na mama yake, Zinaida, na mkate mkubwa mviringo. Wakakaribishwa. Wakala varenyky, vile vifuko vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani, wakasifu, wakaongezwa. Hanna, mama yake Uliana, alikuwa ameshaviweka vile vitambaa vya kutarizi juu ya kasha, vimekunjwa tayari.

"Mwanangu," Mzee Panas alimwambia bintiye kwa Kiukraini, "ile asali nyeusi umeiweka wapi?"

"Ipo kwenye mtungi wa chini, baba," Uliana akajibu. Alijibu kwa Kirusi, ili mgeni asijione ametengwa.

Zinaida akapiga makofi kwa furaha. "Panas Yukhymovych, mmelea! Kirusi safi kama hiki! Mtu hawezi hata kudhani kwamba binti huyu ni wa kijijini."

Alilisema kwa moyo mweupe. Lakini heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hanna alimwona mumewe akiweka kikombe mezani taratibu, na akajua.

"Uliana," alisema Mzee Panas, "walete wageni kilichoko nyuma ya mlango."

"Baba..."

"Nenda, mwanangu."

Angeweza kukataa. Hakukataa, kwa sababu alimwamini Gleb. Kijana wa huku akipewa boga na baba mwenye hasira, na anapenda kwelikweli, hulisukuma akasema, "Hilo silipokei, mzee, mpikie nguruwe wako, mimi nitarudi kesho." Nyumba nzima hucheka, na mzee hulainika. Kwa hiyo Uliana alimnyoshea Gleb lile boga akimtazama machoni, na macho yake yalikuwa yakisema: lirudishe, mpenzi wangu, lirudishe. Gleb aliyatazama macho hayo akaona mapenzi matupu. Mama yake ndiye aliyewahi kunyosha mikono.

Langoni, gari la kukodi likiwa linaunguruma, Gleb alimnong'oneza Uliana, "Nitakuja baada ya wiki tupange tarehe. Sema ndiyo."

Hapo ndipo alipopaswa kumwambia. Mdomo ulifunguka. Aliona aibu: kwa ajili ya baba yake, kwa ajili ya Zinaida, kwa ajili ya boga lililokaa kwenye kiti cha nyuma kama mtoto wa kwanza.

"Safari njema," alisema.

*

"Kosa lake ni nini?" Uliana alimwuliza baba yake gari lilipopotea.

"Hana kosa."

"Ni kwa sababu ni Mrusi?"

"Nimekula naye bakuli moja misimu miwili. Ningekuwa namkataa kwa sababu hiyo, mizinga yangu asingeigusa." Mzee Panas aliketi kwenye ngazi ya kibaraza, ghafla akaonekana amechoka. "Unakumbuka ulipokuwa chuoni Kharkiv? Nilikupigia simu hosteli. Nikasema, 'Binti yangu, ni baba.' Ukanijibu kwa Kirusi, kwa kuwa wenzako walikuwa karibu. Ulinijibu kama karani wa posta. Nikaweka simu, nikaenda kukaa na nyuki."

"Walikuwa wananicheka, baba. Nikifungua mdomo tu wanauliza ng'ombe wangu nimemwacha na nani."

"Najua wanavyocheka. Jeshini walinicheka mpaka nikawa bubu. Nilirudi huku nikasema, angalau kwangu, chini ya paa langu, hakuna atakayeona haya. Sasa leo mgeni anakusifu kwamba hufanani na sisi. Simlaumu, hajui. Lakini wewe ulitabasamu, Uliana. Nilikuona. Ulitabasamu."

Kweli alikuwa ametabasamu.

"Mwacha asili ni mtumwa," mzee aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Niambie kitu kimoja tu, sitakuuliza kingine. Umewahi kumwambia kwamba unampenda kwa lugha niliyokubembelezea?"

Uliana alitikisa kichwa.

"Basi huyo kijana anampenda nani?"

*

Gleb hakuja baada ya wiki. Alipiga simu ya posta ya kijiji, mara moja tu. Uji ulikuwa umepikwa, majirani wameitwa, Zinaida ametangaza harusi mezani kwa fahari, na jirani mmoja, mzaliwa wa Poltava kule Ukraini, akacheka mpaka akapaliwa, kisha akawaeleza.

"Ni kweli?" Gleb aliuliza kwenye simu. "Kutoa boga ni kukataa?"

"Ni kweli ndiyo mila, lakini Gleb, sikiliza..."

"Ungeniambia pale langoni. Ningebeba aibu yangu peke yangu, mama yangu nisingemwachia." Sauti yake ilikatika. "Nilikuomba useme ndiyo, ukanitakia safari njema."

Akakata. Baada ya hapo, kila Uliana alipopiga, simu ya kina Gleb ililia bila kupokelewa.

Theluji ikaanguka. Uliana alimsaidia baba yake kufunika mizinga kwa majani makavu, wakifanya kazi bila kusemezana zaidi ya lazima. Alimtamani Gleb mpaka ikawa kama ugonjwa. Alitamani harufu ya nta kwenye mikono yake, alitamani namna alivyokuwa akipiga chafya kabla ya kucheka. Akilala alimsikia akimwita, na asubuhi alifumba macho kwa makusudi ili asikie tena.

Kilichomtesa zaidi kilikuwa lile swali la baba. Akiwa peke yake kwenye mizinga alijaribu kumwambia Gleb maneno ya mapenzi kwa lugha ya kwao, kwa sauti, mvuke ukimtoka mdomoni. Yalikuwepo. Mama yake aliyatumia kila siku, bibi yake alikufa akiyasema. Lakini yeye kwa mwanamume huyu hakuwa ametumia hata moja. Misimu miwili alimpenda kwa maneno ya kuazima, maneno mazuri, safi, ambayo hayakuwahi kumfuta mtu machozi nyumbani kwao. Siku hiyo alilia sana, na hakulia kwa ajili ya Gleb peke yake.

Hanna ndiye aliyechoka kwanza. Asubuhi moja alimfunga bintiye shali mpaka puani, akamtia mkononi mtungi wa asali.

"Nenda," alisema.

"Baba atasema nini?"

"Baba yako ana macho. Hukuona jana amelisha mbwa mara mbili na mimi hakunipa hata salamu? Nenda, mwanangu, kabla sijabaki na wawili wenye wazimu."

*

Kule Belgorod, Zinaida alifungua mlango nusu. Alikuwa na aproni na macho makavu.

"Kama umelifuata boga lako, umechelewa. Tulishalila."

"Zinaida Arkadyevna, nimekuja kuomba radhi," alisema Uliana.

Mama yule akashtuka. Maneno yale yalikuwa ya Kiukraini. "Mbona unaongea hivyo? Zungumza kawaida."

"Hii ndiyo kawaida yangu. Ile uliyoisifu ni nguo ya kutokea. Nimekuja na ya nyumbani, nimeona kwa Kirusi nimezoea kujificha. Kama kuna neno hulielewi niambie, nitalirudia polepole."

Zinaida akafungua mlango wote, kwa sababu baridi ilikuwa inaingia, na kwa sababu yeye si mwanamke mbaya.

Jikoni hakumkaribisha chai. Alikaa mkabala naye, mikono juu ya meza.

"Nikuulize mimi mtu mzima," alisema kwa Kirusi. "Nilimkosea baba yako nini? Siku nzima nilimwita kwa jina lake na la baba yake, kama mtu anavyoheshimiwa. Panas Yukhymovych huku, Panas Yukhymovych kule. Yeye aliniita 'wewe mama'. Hakuuliza hata marehemu baba yangu aliitwa nani. Halafu akanipakia boga nikachekwe na watu."

"Ulimwambia kwamba sifanani na wa kijijini."

"Nilikusifu!"

"Najua. Baba yangu ni wa kijijini, Zinaida Arkadyevna. Mama yangu pia. Na mimi."

Zinaida aliinuka akaweka birika juu ya jiko kwa kishindo, akabaki amempa mgongo.

"Mimi ni mjane na huyu ndiye mwanangu wa pekee," alisema hatimaye. "Akioa huko, wajukuu zangu watakuja hapa kila likizo na mimi nitaongea, wao watatazamana. Watanicheka bibi yao. Unadhani ni baba yako peke yake anayeogopa?"

"Hawatakucheka. Watakujibu kwa lugha yako, nitawafundisha mwenyewe. Na baba yangu watamjibu kwa lugha yake. Kwa sauti, popote, hata kwenye tramu."

Mlango wa mbele ukagonga. Gleb aliingia na theluji mabegani, akasimama kizingitini kama aliyepigwa na kitu. Amekonda, Uliana alifikiri, na akatamani kumshika uso palepale mbele ya mama mtu.

"Umekuja," alisema Gleb.

"Nimekuja."

"Nilikuwa nimejiapiza nisikuulize kitu."

"Basi usiulize. Nisikilize." Akavuta pumzi. Kisha akamwambia, kwa lugha aliyobembelezewa, yale yote aliyokuwa ameyasema kwenye mizinga peke yake. Alimwita kwa majina ambayo mama yake humwitia baba yake wakiwa wamepatana. Alimwambia kwamba mkono ulitoa boga lakini macho yalikuwa yakimwomba alirudishe, kwamba langoni alikuwa mwoga, kwamba anampenda, na kwamba hajui kuishi bila yeye wala hataki kujifunza. Sauti yake ilishuka, ikawa nzito kidogo kuliko ile Gleb aliyoizoea.

Gleb hakusogea. "Unaongea kama mtu mwingine," alisema.

"Ni mimi huyu. Yule mwingine ndiye uliyemposa."

"Mbona hukuwahi kusema nami hivi? Misimu miwili, Uliana! Nawaelewa baba yako, mama yako, hata nyuki wenu. Ningekuelewa."

"Hukuwahi kuniuliza."

"Nilidhani kwa Kirusi chako unanipa zawadi."

"Nilikuwa nakupa. Lakini zawadi ikitolewa kila siku bila kurudishwa inakuwa kodi."

Maneno yalimwuma, ilionekana. Alivua kofia akaiminya mikononi. "Na mimi je? Baba yako anataka niwe nani? Lugha yangu sikuiiba kwa mtu. Mama huyu aliniimbia nayo nikiwa na homa. Nikiitupa ili nikupate, utaolewa na bubu."

"Usiitupe. Nani amekuambia uitupe?" Uliana alisimama. "Niambie unanipenda kwa Kirusi chako, Gleb. Mimi nitakujibu kwa changu. Ninachotaka ni mume ambaye nikiongea kama mama yangu, hataangalia huku na huku kuona nani anasikia."

Gleb alikaribia mpaka theluji ya bega lake ikamdondokea Uliana mkononi. Alisema alichoambiwa aseme, na akakirudia, na safari hii hakunong'ona. Zinaida alikuwa akimimina chai kwenye vikombe vilivyokwisha kujaa.

"Kaeni basi," aliguna, akipangusa meza. "Nusu ya mlichosema sikuielewa. Hiyo nusu nyingine imenitosha."

*

Uliana alilala kwenye kochi la jikoni kwa Zinaida, na kesho yake Gleb akamsindikiza stesheni. Upepo ulikuwa mkali. Walisimama wameshikana mikono ndani ya mfuko mmoja wa koti.

"Nije lini?" Gleb aliuliza. "Nije nawe sasa hivi?"

"Aliyepewa boga harudi na mkate mpaka Pokrova nyingine. Ndiyo mila. Ukija kabla, kijiji kitasema baba amelazimishwa, na baba hatanyanyua uso."

"Mwaka mzima!"

"Isipokuwa mwenye nyumba mwenyewe amwite mama yako, kwa mdomo wake."

"Na atamwita?"

Uliana alimfikiria baba yake, kiburi chake, ile simu ya hosteli. Hakuweza kumdanganya. "Sijui," alisema. "Sidhani."

Treni ilipoanza kwenda Gleb alitembea nayo, kisha akakimbia, akisema kitu ambacho kioo kilikimeza. Uliana aliweka kiganja kwenye kioo mpaka jukwaa likaisha. Mwaka mzima. Mbele ya mama mmoja mgeni aliyekuwa akimenya yai, alilia bila kujificha, na yule mama akampa nusu ya yai.

Kwenye stesheni ndogo ya kwao, Mzee Panas alikuwa amemngoja na pikipiki yake yenye kigari cha pembeni, kofia imeshuka masikioni. Hakuuliza alikotoka. Alimfunika miguu kwa ngozi ya kondoo, kama alipokuwa mdogo, kisha akabaki ameshika usukani bila kuwasha.

"Ulimwambia?" aliuliza.

"Nilimwambia, baba."

"Kwa lugha gani?"

"Ya kwetu."

Mzee alikohoa. "Naye?"

"Alinijibu kwa ya kwao."

"Mkaelewana?"

"Kila neno."

Akawasha pikipiki, akaizima tena. "Na mama yake? Alikutukana?"

"Hapana. Alinilaza, akanifunika. Lakini umemuumiza, baba. Alikuita kwa heshima siku nzima, wewe hukumuuliza hata jina la baba yake."

Mzee Panas aliitazama reli. Theluji ilikuwa ikimwangukia kwenye nyusi naye haifuti. Uliana alimwona akimeza kitu kigumu, kitu cha miaka mingi, cha tangu jeshini.

"Anaitwa nani, basi?"

"Zinaida."

"Hilo nalijua. La baba yake."

"Arkadyevna."

"Arkadyevna," mzee alirudia. Akalijaribu tena taratibu, kwa matamshi ya Kirusi ambayo Uliana hakuwahi kuyasikia kinywani mwake. "Zinaida Arkadyevna. Hivyo?"

"Hivyo hivyo, baba."

Akawasha pikipiki, na badala ya kupinda kushoto akapinda kulia.

"Baba, nyumbani ni kule!"

"Nyumbani napajua," alipaza sauti juu ya mngurumo wa injini. "Tuwahi posta kabla hawajafunga simu."